Partner wangu alitupa nane akidhani ni tatu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hii sijaipamba, ndivyo ilivyokuwa.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa karani Nyeri mjini, nikiishi Skuta. Jumamosi mchana watu wanane tulikuwa tunacheza bridge kwenye social hall. Partner wangu alikuwa Mwalimu Gathogo, wa hesabu, mtu wa Gakindu. Tulikuwa tumecheza pamoja miaka sita.

Kwa wasioijua: bridge ni wawili dhidi ya wawili, na kuongea na partner ni marufuku. Mkiwa mnazuia wapinzani wasipate mizunguko waliyoahidi, karata ndiyo inaongea. Nikianzisha hearts, yaani kopa, yeye akitupa kubwa anasema "endelea nazo." Akitupa ndogo, "achana nazo." Si wizi, meza nzima inajua hiyo lugha.

Gathogo hakuwa anakosea. Kabisa.

Siku moja nikaanzisha na ace ya hearts. Akatupa nane. Nikaendelea, mpinzani akachukua na queen, tukalimwa.

"Si nilikutupia tatu?" Gathogo akaniuliza, amekasirika.

"Ulitupa nane, Mwalimu. Si hiyo hapo."

Akaiokota, akaigeuzia mwanga wa dirisha, akaisogeza karibu na pua. Akacheka. Wengine wakacheka pia.

Mimi sikucheka. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo.

Kilichonisumbua si mchezo. Kila Jumapili alipeleka familia kanisani na pickup, watoto wamekaa nyuma, na barabara za huko mnazijua, kona juu ya kona.

Nikamfuata nje. "Mwalimu, macho yako iko sawa?"

"Wewe cheza karata yako."

Jumamosi iliyofuata hakuja.

Nilikaa na hiyo kitu siku nne. Halafu nikaenda Gakindu akiwa shule, nikamwambia mkewe, Mama Njeri. Nilimkuta akipalilia kahawa.

"Ndiyo maana juzi alimwaga chai kando ya kikombe," akasema polepole. "Mimi nikadhani ni hasira."

Akaweka jembe chini, akaingia nyumbani, akatoka akitia funguo ya pickup kwenye mfuko wa aproni.

Waligombana siku mbili. Mwishowe Mwalimu akakubali kwenda hospitali. Ilikuwa pressure ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaenda, la kulia likaokolewa na dawa ya matone. Hakuendesha gari tena.

Alirudi kwa bridge baada ya miezi mitatu. Akanisalimia vizuri, akaulizia watu wa nyumbani. Kisha akavuta kiti, akakaa na partner mwingine.

Tulicheza tukiwa wapinzani mpaka nilipohamishwa Nanyuki. Hakuwahi kuitaja hiyo siku niliyoenda kwa mkewe. Mimi pia sikuitaja.

Nilichojifunza: mtu asiyekosea akianza kukosea, usiishie kumlaumu, uliza kuna nini. Na ukiamua kusema, jua unaweza kumpoteza huyo huyo unayemsaidia. Mimi ningeenda tena kwa mkewe, ila ningemwambia Mwalimu kwanza kwamba naenda.

Wewe ungefanyaje, ungepitia kwa mke ama ungemngoja akubali mwenyewe? Nasoma majibu yote, hata ya kunikosoa.