Kimya Alichokikata Mjomba

Mimi sijaumbwa kukaa. Nikingoja chai ichemke nitakuwa nimeshafagia ua mara mbili, na mkono wangu wa kulia haukomi kupiga ngoma pajani. Mama alikuwa akinambia, "Tulia, we mtoto, utatoboa leso." Mkono huo ndio ulionifanya mpiga chapuo, ile ngoma ndogo yenye sauti kali, katika kundi la chakacha la wanawake wa mtaani kwetu, Malindi. Na kutotulia huko huko ndiko kulikonitungisha wimbo ulionigombanisha na mjomba.

Chakacha yetu tuliicheza alasiri, siku ya arusi, ndani ya ua, wanawake watupu. Mwanamume hakanyagi, hata awe bwana arusi mwenyewe. Wimbo wangu ulikuwa na jambo moja nililolipenda kuliko yote: katikati, ngoma zote zanyamaza. Pumzi nane. Husikii kitu ila leso zasuguana na nyayo zaburura sakafuni, na viuno vyaendelea vyenyewe, polepole. Kisha chapuo yangu yaingia na ua mzima wageuka kwa pamoja. Mara ya kwanza tulipoucheza hivyo nililia, sisemi uongo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na duka la kaseti karibu na soko. Alipotaka kurekodi ngoma za wanawake, alikaa nje barazani na mtambo wake, mkewe akampitishia waya wa kipaza sauti dirishani. Hivyo ndivyo alivyorekodi wimbo wangu, sisi ndani na viuno vyetu, yeye nje na vitufe vyake. Baadaye, dukani, aliongeza kinanda cha umeme juu yake. Hakuniuliza, wala mimi sikujua kama mtu huulizwa.

Kaseti ikatoka, na kwenye karatasi picha yake, kanzu imepigwa pasi, kaegemea kinanda. Hilo nililimeza, maana sura zetu zisingeweza kuzagaa sokoni. Ikawa yalia kila mahali, Kilifi mpaka Gongoni kwa wafanyakazi wa chumvi. Mimi sikuketi hata siku moja nikaisikiliza yote. Nilikuwa nimeshauchoka ule wimbo, akili yangu iko kwenye mwingine. Kosa langu ndilo hilo.

Ikaja arusi ya Gede. Mpiga vumi wetu, ile ngoma kubwa, alikuwa amejifungua juzi yake, basi tukachukua redio na kaseti, tucheze wimbo wetu wenyewe. Mkaza mjomba, yaani huyo mke wa mjomba, ndiye aliyeongoza mstari. Tukafika katikati, tukateremka tayari kwa kile kimya, na ngoma haikunyamaza. Ilipita moja kwa moja na kinanda chake juu. Nusu yetu wakageuka, nusu wakabaki, mkaza mjomba akapigwa kikumbo akaketi chini mbele za watu. Mama wa bibi arusi akaniuliza, kwa upole ule unaouma, kama siku hizi hatufanyi mazoezi. Masikio yaliniwaka kwa haya.

Asubuhi yake nilikuwa dukani kabla hajamaliza kufungua milango.

"Shikamoo, mjomba. Kimya changu kiko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kimya gani?" Akafikiri kidogo. "Ah, lile pengo. Niliona ngoma zimewapotea, nikaliondoa. Niliwasitiri."

Na kweli aliamini. Alidhani tumekosea, akatufichia aibu. Nilitaka kumchukia nikashindwa, na kushindwa huko kukanizidisha hasira.

"Umepata kuuona wimbo ule ukichezwa?"

"Astaghafirullahi. Nitauona wapi?"

"Basi waukataje?"

Nikamwambia kaseti ile ya kwanza, aliyorekodia barazani kabla ya kinanda, bado anayo, aniachie mitambo, niutengeneze upya kwa mkono wangu. Akacheka, si kwa ubaya. "Kazi hii yataka mtu aliyetulia. Tangu uingie umezunguka duka mara tatu. Na tangu lini mwanamke akashika vitufe?"

Ni kweli nilikuwa nazunguka. Kama si heshima ya ujomba, ningezunguka na kile kinanda mikononi mpaka baharini.

Mkaza mjomba alikuwa nyuma ya pazia, akijikanda nyonga kwa mafuta. "Mwache akae," akasema. "La sivyo, siku nyingine ingia mwenyewe upitishe waya."

Mjomba akaondoka kitini.

Nilikaa kuanzia saa nne mpaka alasiri. Mguu ulichezacheza chini ya meza lakini kidole hakikutoka kwenye kitufe. Niliirudia kaseti ile ya kwanza yote, sikukata kitu, nikakiacha kinanda nje, nikaongeza sauti mpaka leso zikasikika. Nilipofika kwenye kimya nilizuia pumzi. Sijapata kufurahi vile, na nilifurahi peke yangu, maana mjomba alikuwa amesinzia.

Miezi ikapita ndipo nikapata arusi ya kuipigia kaseti yangu mpya, Gede tena. Mara hii wachezaji walikuwa wasichana wa pale pale, wamejifunza wimbo wangu kwenye kaseti ya mjomba. Nikajifunga kibwebwe nikaingia katikati. Walicheza vizuri mno. Kisha kimya kikaja, wao wakasimama wote, wakatazamana.

"Redio imekufa," akasema msichana mmoja. Akaiinua, akaipiga kofi mgongoni, akaifungua akatoa mawe yake ya betri.

Mimi kiuno changu chaenda. Nikahesabu pumzi nane huku wananitazama kama bibi aliyerukwa na akili. Nikageuka. Ngoma ingerudi na nini, na mawe yote manne anayo mkononi?

Basi nikaipiga kwa mdomo. Tangu chapuo ile ya kuingilia mpaka mwisho, kwa hasira, mate yananiruka, nageuka peke yangu katika ua uliojaa watu. Nilipomaliza, yule msichana alikuwa bado amesimama na mawe yake.

"Pale pa kimya," akauliza, "huhesabiwa ngapi?"

"Nane," nikamwambia. "Na ukiigusa tena redio yangu nitakukata mikono."