Panga la Kwanza la Binti Yangu

Leo nimevunja kitu ambacho hata moto ulishindwa kukiharibu.

Binti yangu Oresta yuko likizo hapa Mbinga. Kiwandani kwao, ughaibuni, wanayeyusha na kusubu vyuma vya mitambo ya gesi ya kufua umeme. Asubuhi, akiwahi misa, aliniachia kifurushi: "Baba, hili ndilo panga la kwanza nililotengeneza."

Lilikuwa fupi, limepinda. Nikajua halijamalizika.

Wasomaji wangu mnanijua. Tangu soko huria lije napiga kelele kwamba hata mapanga tunaagiza nje. Nikalibeba hadi kwa mhunzi wa kijiji cha Mbuji, alinyooshe nipogolee kahawa.

Motoni likawaka jekundu, lakini halikulainika.

"Mwalimu, chuma hiki kimekataa," akasema mhunzi. "Kamuulize kwanza mwenyewe."

Nikamhutubia kuhusu kujitegemea. "Gonga, mzee."

Akagonga. Likakatika katikati.

Nyumbani, Oresta aliviviringisha vipande ndani ya kanga. "Ni panga la mtambo, Baba, kama yale ya feni. Linazungushwa na gesi ya moto, ndiyo maana halilainiki."

Kisha, taratibu: "Ungeniuliza tu."

Makala za kugombana nimeandika tele. Ya kumwomba mtoto radhi sijawahi. Mnaojua, inaanzaje?