Mtungi, nguzo na mama mkwe

Leo mama mkwe amenikuta nimefungwa kwenye nguzo ya karakana, hapa Kasulu.

Ngojeni kwanza.

Rafiki yangu wa Kigoma mjini aliniachia mtungi wake wa kuzamia ziwani. Valvu imeganda. Hewa tulishaitoa yote, ila fundi hana vaisi ya kuubania. Akaniambia nikae chini niukumbatie mtungi, akatufunga kwa mpira wa baiskeli: mimi, mtungi na nguzo. Akavuta spana. Wapi!

"Subiri nikalete bomba la kurefushia spana."

Njiani akakutana na shemeji yake. Mnazijua salamu za Waha: za mama, za watoto, za ng'ombe, mpaka za maharage.

Ndipo mama mkwe akatokea, anatoka Makere. Na mimi kusimama nimwamkie siwezi!

"Mwanangu, umeiba nini?"

Nyie mngejibuje?

"Mama, ni hii valvu..."

"Basi irudishe!"

Bomba lilipokuja, valvu ikatoka, mpya ikakaa. Fundi akamweleza mama mkwe yote. Naye akaitikia tu, "Haya."

Sasa tuko mezani. Mama ameombea chakula, kisha akaniombea mimi, Mungu aniondolee tamaa ya vitu vya watu.

Aliyeitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko wote ni mke wangu.