Robo Saa ya Mama

Udi ukichanganyika na harufu ya plastiki iliyopata moto, mimi hurudi Miono, kwenye ghala la zamani la korosho ambalo kijiji kililigeuza kuwa chumba cha intaneti. Nyie wenzangu mnaotembea na intaneti mfukoni mtanicheka. Ya kwetu ilikuwa na mlango na kufuli, na kijana wa kuilinda aliyeitwa Salumu, na kompyuta mbili zilizotegemea sola ya juu ya bati.

Mama alikuwa Maskati, akifanya kazi za ndani. Aliahidi kurudi baada ya miaka miwili. Nilipofika darasa la tatu miwili hiyo ilikuwa imeshapita, na hakuna aliyenieleza kitu. Niliishi na Bibi, mama yake mzazi. Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, familia zenye ndugu zao mbali zilipewa robo saa moja moja ya kuonana nao kwenye kioo. Mimi nilikuwa na swali moja tu: Mama anarudi lini?

Bibi hakumchukulia Mama kama picha. Alimchukulia kama mtu anayeingia ndani. Alivaa doti mpya ya kanga, akaja na chetezo, akaifukiza kompyuta pande zote huku Salumu akihangaika kupangusa majivu kwenye vibonye.

"Mwanangu katoka mbali," Bibi alimwambia, "nimpokee na vumbi?"

Kisha zilianza salamu, na si za Bibi peke yake. Kwetu kumpita mtu bila kumsalimia ni ufidhuli, hata mwenyewe akiwa ng'ambo, basi nusu ya foleni ilisogea nyuma ya kiti chetu. Mama alitoa shikamoo, wazee wakaitikia marahaba, wakauliza hali yake, joto la huko, na wenyeji wake. Bi Mwanahawa, jirani yetu, hakumaliza mpaka awasalimie na watoto wa bosi, ambao hakuwajua hata majina. Kila nilipojipenyeza nifungue mdomo, Salumu alikuwa keshasema zamu imekwisha. Ijumaa baada ya Ijumaa ikawa hivyo hivyo. Nilimchukia Bi Mwanahawa kwa moyo wangu wote mdogo, na Bibi nilimnunia mpaka wali ulipoiva.

Ijumaa moja ilinyesha mvua kubwa, na Bibi akawa anaumwa mguu, nikaenda peke yangu. Majirani nao hawakutokeza. Mama akaonekana, amejitanda ushungi, nyuma yake jiko la bosi linang'aa. Sikungoja.

"Shikamoo, Mama. Unarudi lini?"

Akatazama nyuma yangu. Kisha akauliza, "Bibi hajambo?"

"Hajambo, ila mguu tu."

"Na Bi Mwanahawa? Na shule? Na yule beberu wetu mkorofi?"

Nikamkumbusha kwamba beberu tulimchinja Idi. Tulicheka wote wawili, tukacheka mpaka robo saa ikaishia hapo.

Nyumbani nilimlalamikia Bibi kwamba Mama hakunijibu. Aliendelea kujikanda mguu.

"Kakusalimia?"

"Kanisalimia."

"Basi shukuru."

Nilimwona hana huruma hata chembe.

Mama alirudi nikiwa kidato cha kwanza. Sikuuliza tena, kwa kuwa nilikuwa naye. Miaka ilipita, Bibi akafariki, na siku ya arobaini yake tulikaa uani tukichambua mchele. Hapo Bi Mwanahawa akasema, kama mtu anayesimulia jambo la kawaida, kwamba kila Alhamisi Bibi alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba waje wamsalimie mwanawe, na wasifanye haraka. Bosi aliishikilia pasi ya kusafiria ya Mama, na Mama mwenyewe hakujua atatoka lini. Bibi alilijua hilo tangu mapema.

Miaka yote hiyo niliamini Bibi alininyima mama yangu, na sasa sikuwa na pa kumwendea nikamwambie ahsante.

Mama hakuinua macho kwenye mchele.

"Siku ile ya mvua," alisema, "nilipokuona kwenye kiti, nilitazama nyuma yako nimtafute mama yangu. Sikumwona. Nikajua leo sina wa kunisitiri."