Punje za Ida na Kopo la Samli

Saa tisa kasoro mchana, jua la Zombo halina huruma. Ida Onesphory, fundi mwashi wa miaka arobaini na minne, amesimama nje ya chumba kipya cha kujifungulia, mwiko mkononi, lipu imemkaukia mpaka kwenye kope. Haingii. Anangoja kopo la samli.

Makopo ni mawili, yamewekwa tangu asubuhi. Moja limo humu chumbani. La pili limo kwenye ghala la kijiji, lililojengwa mwaka jana, 1973, kwa kufuata ramani iliyoletwa kutoka mjini bila kubadili kitu. Samli ya humu ikiyeyuka kufikia saa tisa, kesho kuta zinabomolewa na madirisha yanahamia magharibi, kama ramani inavyotaka.

"Na mwanangu ndiye wa kwanza kuingia humu," anasema Ida.

Binti yake, Verdiana, amebakiza wiki tatu. Uzazi wa kwanza alijifungulia kwenye chumba cha zamani, akazirai mara mbili kwa joto. "Jamani, nilimpepea kwa kanga mpaka mkono ukafa ganzi!"

Baada ya hapo Ida alipita nyumba ishirini na saba, mchana kweupe, akipima kwa shibiri na kuuliza wenyeji wanalalaje. Alisoma hadi darasa la nne tu, shule ya misheni, lakini punje za mahindi anazo. Paa la bati lisilo na dari, punje sita. Kila dirisha linalotazama magharibi, mbili. Kisha anaondoa moja kwa kila shibiri ya unene wa ukuta, na moja kwa kila shibiri ya upenu. Zikibaki zaidi ya tatu, mtaloa jasho.

Ghala, lenye madirisha mawili ya magharibi, ukuta wa shibiri moja na upenu wa shibiri moja, linabakiwa na nane. Chumba cha Ida nacho ni cha bati bila dari, ila kina ukuta wa shibiri mbili, upenu wa tatu, na magharibi hakuna dirisha. Inabaki moja.

Ulimboka, mhandisi aliyetumwa kukagua, alicheka sana alipoziona punje hizo. "Mama, joto la nyumba lina hesabu ya kurasa kumi na mbili. Hizo mpe kuku."

"Umeshazimaliza kurasa zako, ndugu?"

Alikuwa ukurasa wa tatu. Ndipo mwenyewe akapendekeza samli, waamue kiume.

Saa tisa imefika. Wanaanza na ghala. Ulimboka anatikisa kopo, samli inacheza kama maji.

Chumbani anaingia na kijiko. Anakichomeka kwenye samli, anakiachia. Kijiko kimesimama wima!

Mkunga Sesilia anapiga kigelegele, wanawake waliojaa uani wanampokea. "Andika, ndugu mhandisi! Andika!"

Naye anaandika. Kisha anafunga daftari, anajicheka. "Mama Verdiana, nifundishe. Ofisi yangu inanichoma."

Vijiji vya Kisanga na Magole vimeshatuma watu kumwomba Ida akawajengee madarasa. Ataenda, ila si sasa. Anafungua kiganja na kuonyesha punje moja iliyobaki.

"Hii inanikera. Wiki tatu zinanitosha kusuka dari ya mianzi. Mjukuu wangu atazaliwa punje hii nimeshampa kuku."