Apolonia Amehama

Januari 1996 nilifungua darasa la saba nikiwa na majina thelathini na manane kwenye daftari la mahudhurio na watoto kumi na saba kwenye madawati. Shule yetu ilikuwa bondeni, kando ya njia inayotoka Ifakara kwenda Mofu. Nilikuwa nimefika Julai, moja kwa moja kutoka chuo cha ualimu, nikiamini kwamba Maarifa ya Jamii yakifundishwa sawasawa, mtoto wa mkulima hatadanganywa na mtu yeyote nchi hii.

Aliyeikuza imani hiyo ni Apolonia, binti wa Alfonsi mkulima wa mpunga. Alipokuwa darasa la sita aliniuliza, "Mwalimu, treni inapita Ifakara mpaka Zambia. Sisi ikipita tunapata nini?"

"Honi!" akadakia rafiki yake Merina, darasa zima likacheka. Apolonia hakucheka. Alisubiri jibu.

Alitaka sekondari. Kwao hakuna aliyewahi kufika huko, naye alilitamka neno hilo polepole, kama amebeba maji asiyotaka yamwagike.

Wiki ya tatu Mwalimu Mkuu Nickolaus, mgeni kama mimi, alidai orodha ya watahiniwa. Watoto wengi waliokosekana niliambiwa "wako shamba", nikawaacha kwenye orodha. Habari za Apolonia nilizifuata mwenyewe nyumbani kwao. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Jirani yao, Bibi Marsiana, alikuwa anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi. Kina Alfonsi wako wapi?"

"Marahaba. Wamehama, mwanangu."

"Wote?"

"Mpaka kuku. Kuku umwache hapa ale nini?"

"Wamehamia wapi?"

"Ng'ambo ya mto huko."

Swali moja tu lilibaki: watarudi lini? Sikuliuliza. Nilirudi shuleni na huzuni yangu, nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika mbele ya jina lake: *Amehama*.

"Masikini, alikuwa na akili huyu," alisema Mwalimu Nickolaus, akasaini. Orodha ikaenda wilayani.

Mwishoni mwa Machi, nikiwa nafundisha ramani, Apolonia aliingia. Miguu ilikuwa na matope hadi magotini, daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mwalimu. Palizi imeisha. Na kazi ya likizo nimefanya."

Kazi yenyewe ilikuwa kuchora ramani ya nyumbani. Alikuwa amechora mto, kivuko cha mitumbwi, mabwawa, na nyumba mbili, moja kila upande.

"Kwenu ni wapi hapa?" nikauliza.

"Kote, mwalimu. Hapa kwetu kijijini, hapa kwetu dunguni, kibanda cha shambani. Mvua zikianza tunahama, tukivuna tunarudi."

"Mnahama?"

"Mwalimu hajui kuhama!" Merina akapiga dawati kwa furaha. "Kila mwaka watu wanahama, jamani! Ulidhani wamekwenda Ulaya?"

Walicheka wote, hata Apolonia. Mimi nikakumbuka kalamu nyekundu.

Asubuhi iliyofuata niliendesha baiskeli mpaka wilayani kuomba jina lake lirudishwe. Ofisa alinisikiliza vizuri, afadhali angenifukuza. Orodha ilikwishapita mkoani. "Na kukariri darasa la saba ni marufuku," alisema. "Wewe si ndiye uliyeandika amehama?"

Nilipiga kelele pale. Nilisema serikali gani hii inayokula mchele wa watu hawa na haijui wanaulima lini. Nilisema kila Januari tunafungua shule huku bonde zima likihamia mashambani, kisha tunawaita watoro. Bado naamini kila neno. Lakini wino mwekundu ulikuwa wangu.

Nilimwambia Apolonia baada ya masomo kwamba hatafanya mtihani, kwa sababu niliandika amehama.

"Nimehamia wapi, mwalimu?"

Nilimwomba msamaha. Aliinama, akachukua daftari lake. "Si kitu, mwalimu," alisema, kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi.

Nilidhani hatarudi. Alirudi. Alivuka mto kwa mtumbwi mpaka mavuno yalipoisha, akaandika kila nilichoandika ubaoni, akashika nafasi ya kwanza kwenye jaribio la Agosti. Nadhani alitumaini kwamba mtu mwenye bidii hivyo hawezi kusahaulika. Nami nilitumaini hivyo hivyo. Barua tatu nilizoandika mkoani hazikujibiwa.

Siku moja kabla ya mtihani tulibandika namba kwenye madawati. Watahiniwa lazima wakae mbalimbali, na dawati lisilo na namba halitakiwi chumbani. Merina aliyatazama yale madawati, akaanza kulia. Apolonia hakulia. Alilisogeza dawati lake mpaka mlangoni, likakwama.

"Mwalimu, nishikie upande huo," alisema.

Nikashika. Tukalitoa nje pamoja.