Kidonda cha Mama na Jeli Yangu

Kaka yangu aliingia maabara bila kubisha hodi, amemshika mama mkono. Walikuwa wametoka nyumbani, Mitaboni, asubuhi hiyo. Mama alichechemea, mguu umefungwa kitambaa, na kabla hajaketi nilisikia harufu ya kidonda. Mama ana sukari. Kidole kilikuwa kimeoza.

"Mwaitu," nilimwita mama kwa Kikamba, "mbona hukuniambia?"

"Ningekusumbua. Uko na kazi."

Kazi yenyewe waliijua. Nilikuwa nimeisimulia nyumbani kwa majivuno: jeli ya unga wa mwani, laini kama uji uliopoa, inayobeba dawa ya kuua viini na kuiachia kidondani kidogo kidogo. Ugumu uko kwenye kuikaza. Ikikazwa mno, dawa hubaki ndani. Ikilegea, yote humwagika kwa mpigo. Wiki ile nilikuwa nimeipata niliyoitaka. Ndani ya maji safi yenye joto la mwili, ilitoa dawa polepole kama nilivyopanga.

"Si iko hapo kwa friji?" kaka alisema. "Mpake."

"Haijawahi kugusa ngozi ya mtu. Twende hospitali."

"Huko watamkata mguu! Uko na dawa, na unamnyima mama yako?"

Nilitazama friji. Nikatia mikono kwenye mifuko ya koti. Mama akaniuliza:

"Ningekuwa mama ya mtu mwingine, ungenipaka?"

"Hapana, Mwaitu."

"Basi twende."

Hospitalini kaka alikaa mwisho wa benchi, akanipa mgongo. Kila mlango ulipofunguliwa tulisimama sote wawili, kisha tukaketi tena bila kutazamana. Hatimaye daktari akatoka: vidole viwili vimekatwa, mguu umenusurika. Kaka alinipita kama hanioni, akaingia kwa mama.

Juma lililofuata niliiweka jeli ileile katika maji yenye chumvi, yaliyotengenezwa yafanane na majimaji ya kidonda. Lilikuwa jaribio la kawaida, lililokuwa likingoja zamu yake, lakini sikuweza kuketi. Kabla ya chai ya saa nne jeli ilikuwa imeyeyuka. Chumvi ilikuwa imefungua vifundo vilivyoishikilia, na dawa yote ikatoka.

Nilimpigia kaka nikamweleza.

"Kwa hivyo ulijua?"

"Sikujua. Siku ile niliamini ingefanya kazi."

"Na bado ukakataa."

"Nikakataa."

Nilimsikia akivuta pumzi. Hakusema nilifanya vyema, wala mpaka leo hajasema. Alimpa mama simu.

"Hiyo kitu yako imeharibika?" mama aliuliza.

"Imeyeyuka, Mwaitu."

"Basi pika ingine. Na safari hii usiweke maji mingi."

Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa chini, machozi yakinitoka, na wenzangu wa maabara wakaacha kazi zao kunitazama.